Kamera Mbili Ndani ya Tranka

Wasikilizaji wangu, leo nina habari ya kuuza kitu kilichotumika. Kila mmoja wetu ameshauza au kununua cha namna hiyo: simu, baiskeli, redio, injini ya boti. Hiki cha leo kina tabia yake, na nilikaa nacho karibu miezi miwili kabla sijakiona kikipanda basi.

Mama mmoja jirani yetu hapa Iringo, Musoma, alimtuma mjukuu wake aniite. Nilimkuta barazani, tranka la bati liko wazi mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha mkeka nikae. Marehemu mumewe alikuwa mpiga picha. Waliokulia hapa mjini miaka ya themanini na tisini wanazikumbuka studio zile za chumba kimoja: pazia lililochorwa maua, stuli, kioo kidogo, na kitana kimoja kilichopita kwenye kila kichwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka mwisho. Ana miaka sita sasa tangu atutoke, na vitu vyake havikuguswa. Lakini mjukuu amechaguliwa kwenda kidato cha tano, na fomu ya shule mnaijua inavyokuwa: godoro, ndoo, sare jozi mbili, nauli ya kwenda na kurudi. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe unaelewa mambo ya simu. Niuzie hizi kamera."

Zilikuwa mbili. Ya kwanza nzito, nyeusi, ina macho manne mbele, mawili juu na mawili chini. Ya pili ya plastiki, nyepesi, mdomo mpana chini. Ukiinua kifuniko chake flashi inasimama. Zote zimeandikwa Polaroid. Chini yake kulikuwa na bahasha za kaki zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku ile sikuziulizia.

Mama alikuwa ameshazipangia bei moyoni. Akaweka mkono juu ya ile yenye macho manne. "Hii ndiyo iliyosomesha watoto wangu," akasema. "Hii usiitoe kwa bei ya kutupa. Hiyo ya plastiki alipewa na mgeni tu, watoto walikuwa wanaichezea. Hiyo ukipata chochote, chukua." Dalali mmoja alikuwa ameshapita hapo, akataja shilingi 20,000 kwa zote mbili, akaziita makopo.

Nikamwomba nizichukue nikazitazame kwanza, kwa sababu nilishaanza kuhisi kwamba hesabu ya mama ilikuwa imegeuka juu chini, na sikutaka kumwambia jambo hilo kwa kubahatisha.

Ngoja niwakumbushe kazi ya macho manne, kwa ajili ya vijana wanaotusikiliza. Hapo zamani mtu wa Kiabakari au Nyamuswa akija Musoma kufuata jambo kwenye ofisi za mkoa, anaambiwa fomu yake inataka picha mbili za paspoti. Anakwenda studio, anapigwa. Mpiga picha anamwambia filamu ina picha thelathini na sita, haijaisha, na ikiisha lazima isafishwe, njoo Jumamosi. Au ni filamu ya rangi, inapelekwa Mwanza. Njoo wiki ijayo. Huyu mtu hana ndugu mjini. Alale wapi? Ale nini? Arudi kijijini na nauli ipi aje tena?

Kamera ile ilimwondolea mtu huyo usiku wa kulala mjini. Anakaa kwenye stuli, anaambiwa atazame mbele, macho manne yanafumbuka, na uso wake unaingia mara nne kwenye karatasi moja. Mpiga picha anavuta ulimi wa karatasi kutoka ubavuni mwa kamera, karatasi mbili zilizogandana zinatoka, dawa ikiwa katikati. Sasa anahesabu. Joto likiwa kali anahesabu kidogo, kukiwa na baridi anahesabu sana. Asubuhi za Juni, upepo wa ziwa ukivuma, marehemu alikuwa anaibana ile karatasi kwapani mwake ipate moto, huku akimuuliza mteja habari za mvua huko kwao. Dakika moja, pengine mbili, anabandua. Upande mmoja ni nyuso nne zinazong'aa, bado zina unyevu. Upande wa pili ni uchafu mweusi wa kutupa. Anachukua mkasi, anakata, na mtu wa Kiabakari anawahi ofisi kabla haijafungwa.

Sisi watoto wa Iringo tuliyaokota yale makaratasi yaliyotupwa, kwa sababu ukiyainamisha kwenye mwanga unauona uso wa mtu kama kivuli. Vidole vilituwasha, maana dawa ile ni kali kama magadi. Marehemu alikuwa anatufukuza, kisha anatuita tena tunawe mikono kwa sabuni.

Hapo ndipo palipo ugumu wa kuiuza. Kamera ile haina kasoro. Nilifungua mgongo wake, nikabonyeza, macho yote manne yakafumbuka na kufumba kwa mlio safi. Lakini chakula chake kimekwisha duniani. Polaroid walitangaza Februari 2008 kwamba wanaacha kutengeneza filamu zao. Fujifilm ya Japani waliendelea kutengeneza ya namna ile ya kubandua, ndiyo iliyoendelea kuwalisha wapiga picha wa paspoti, na wao wakatangaza kuiacha Februari 2016. Pakiti zilizobaki sasa zinauzwa kwa wanaokusanya vitu vya kale, zimepita muda wake, na bei yake mtu wa kawaida haigusi. Studio zenyewe zilikuwa zimeshahamia kwenye kamera za kidijitali na printa. Na ofisi nazo zilibadilika: uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR mwaka 2015 ulimpiga mpiga kura picha palepale kituoni, na NIDA wa vitambulisho vya taifa wanakupiga wenyewe. Mteja wa macho manne aliondoka kabla ya filamu yake kuondoka.

Ile ya plastiki, iliyochezewa na watoto, ndiyo iliyo hai. Hiyo ni ya aina ya 600, familia iliyoanza kuuzwa mwaka 1981. Filamu yake haibanduliwi. Kila kitu kimo ndani ya karatasi moja: tabaka za rangi, na kwenye ule mpaka mweupe mpana wa chini kuna kifuko chembamba cha dawa. Picha inapotoka inapita kati ya vyuma viwili vya mviringo, kama muwa unavyopita kwenye mashine ya juisi. Kifuko kinapasuka, dawa inatandazwa sawasawa, na picha inajitengeneza yenyewe machoni pako. Hata betri imo ndani ya pakiti ya filamu. Kamera yenyewe haina betri kabisa, na kwa hiyo kamera ya 600 iliyokaa kabatini miaka ishirini inaonekana imekufa kumbe ina njaa tu.

Filamu hiyo nayo ilikaribia kupotea. Kiwanda cha mwisho kilikuwa Enschede, Uholanzi, na mwaka 2008 kilikuwa kinafungwa ili mitambo iuzwe kama chuma chakavu. Watu wachache, miongoni mwao Florian Kaps na fundi wa kiwanda hichohicho André Bosman, wakanunua mitambo wakaanza upya. Kemikali nyingi za zamani hazikuwa zikitengenezwa tena na mtu yeyote, ikabidi wabuni dawa nyingine. Filamu ya kwanza wakaitoa mwaka 2010. Tangu 2020 kampuni waliyoianzisha inatumia jina la Polaroid. Kwa hiyo leo pakiti mpya ipo, ila ina picha nane, siyo kumi kama zamani, na huko Ulaya na Marekani bei yake inakaribia dola 20. Ikifika huku kwetu ni zaidi.

Mwanzo wa mambo haya yote ni swali la mtoto. Edwin Land, aliyeanzisha Polaroid mwaka 1937, alikuwa mapumzikoni na familia yake Santa Fe, Marekani, mwaka 1943. Akampiga binti yake picha, na binti, mwenye umri wa miaka mitatu, akauliza kwa nini hawezi kuiona sasa hivi. Februari 1947 Land akaionyesha picha ya papo kwa papo mbele ya wanasayansi mjini New York, na Novemba 1948 kamera ya kwanza ikawekwa dukani Boston, dola 89 na senti 75.

Kuna sehemu nyingine ya historia yake ambayo sisi watu wa Mara tuna haki ya kuijua. Mwaka 1970, makao makuu ya Polaroid jimboni Massachusetts, wafanyakazi wawili Weusi, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, walikuta ofisini mfano wa kitambulisho cha idara ya madini ya Afrika Kusini. Wakagundua kwamba picha za kampuni yao zinatumika kwenye pasi, kile kitabu ambacho Mwafrika wa kule alilazimishwa kutembea nacho kila mahali na polisi wakimkuta bila hicho anakwenda jela. Wakaanzisha harakati ndani ya kampuni, wakadai Polaroid iondoke Afrika Kusini. Hunter alifukuzwa kazi. Kampuni ikajaribu njia za katikati, mpaka Novemba 1977, ilipobainika kwamba wakala wake kule anaiuzia serikali kwa siri, ndipo ikafunga mauzo. Miaka ile Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na ofisi zake Dar es Salaam, na aliyekuwa Ikulu ni mtoto wa Butiama. Nyuso za paspoti zilizomwokolea mtu wa Kiabakari gharama ya kulala mjini, kule zilimfungia mtu wa Soweto mlango. Nilimsimulia mama habari hii. Alinyamaza kidogo, kisha akasema marehemu hakuwahi kuijua, na angeijua angeihadithia kila mteja.

Sasa nirudi kwenye kuuza. Ukitazama matangazo ya watu wanaouza kamera hizi utakutana na neno moja mara kwa mara: "sijaijaribu." Kamera safi, sijaijaribu. Ilikuwa ya babu, sijaijaribu. Wengine wanaongeza, "lakini ilikuwa inafanya kazi." Mimi neno hilo silipendi, na nitasema kwa nini. Kwenye kitu kingine linaweza kuwa kweli tupu. Mtu hana soketi, hana mafuta, hajajaribu. Kwenye kamera hii neno hilo lina hesabu nyuma yake. Kuijaribu kunataka pakiti ya filamu, na pakiti inaweza kufika nusu ya bei ya kamera. Muuzaji anakwepa gharama hiyo anamwachia mnunuzi. Mnunuzi analipa kamera, analipa filamu, halafu ndipo anajua kama amenunua kamera au amenunua boksi. Aliyeuza ameshaweka pesa mfukoni, na hajadanganya hata neno moja. Kwetu mtu akiuziwa ng'ombe wa maziwa, anamkamua mbele ya mwenye ng'ombe. Haambiwi "sijamkamua."

Nikamwambia mama tununue pakiti. Akashtuka. Shilingi 75,000, mpaka ifike Musoma ndani ya pochi ya mtu aliyetoka Dar es Salaam! Kwa fedha hiyo godoro linapatikana. Tulibishana siku mbili. Mwisho nikampa pendekezo: mimi nitoe, kamera ikiuzwa nirudishiwe, isipouzwa ni hasara yangu. Akakubali bila furaha.

Kabla ya kuiweka nilifungua mlango wa mbele nikatazama vile vyuma viwili. Vilikuwa na ukoko wa dawa ya miaka mingi, mgumu kama sukari iliyoganda. Nikavisugua kwa kitambaa chenye maji kidogo, polepole, nikivizungusha kwa kidole. Halafu nikaingiza pakiti, nikafunga mlango. Wasikilizaji, kamera ile ilinguruma. Ikatema kile kifuniko cheusi kinachokuwa juu ya filamu, na taa ya flashi ikaanza kujaa. Mama alisimama. Mjukuu akapiga kelele.

Picha ya kwanza nilimpiga mama mlangoni, saa saba mchana, jua la Musoma liko utosini. Tukaifunika isipigwe na mwanga, tukasubiri karibu robo saa. Ilitoka, uso unaonekana, lakini rangi imeelekea manjano na wekundu kama picha iliyopigwa wakati wa moshi. Na kulikuwa na vidoa vyeupe vilivyopangana kwa umbali uleule. Vidoa vya namna hiyo vinasema kitu: chuma kimoja bado kina uchafu mahali, na kila kikizunguka kinagonga. Rangi nayo ni joto. Filamu hii mpya inapenda hali isiyozidi nyuzi joto 28 hivi, na pakiti inatakiwa ikae kwenye friji, siyo kwenye friza, wala siyo kwenye mfuko wa suruali. Nikasugua tena, nikasubiri jioni upepo wa ziwa uanze. Ya pili ikatoka safi, ngozi kama ngozi, kanga kama kanga. Mama akataka kuikung'uta kama alivyoona watu wakifanya. Nikamzuia. Mkono huo wa kukung'uta ulitoka kwenye picha zile za kubandua, zilizotoka na unyevu zikahitaji kukauka. Hii imefungwa pande zote, haina cha kukausha.

Nikaandika tangazo. Nikaweka picha zote mbili, ile mbaya na ile nzuri, nikaeleza saa na joto la kila moja, nikaeleza uchafu niliousafisha na mkwaruzo ulio chini ya kamera. Na nikaeleza jambo moja la kihesabu ambalo ni rahisi mno kulitumia vibaya. Kihesabio cha kamera hizi za zamani kilitengenezwa wakati pakiti ina picha kumi. Ukiweka pakiti ya leo yenye nane, chenyewe kinaonyesha kumi. Nilipomaliza kupiga mbili kilikuwa kinaonyesha nane. Ndani zimebaki sita. Muuzaji angeweza kupiga picha ya kile kidirisha, namba nane inaonekana wazi, na kumuuzia mtu picha mbili ambazo hazipo. Ukiiuza na pakiti ndani, mwambie mnunuzi: namba unayoiona, toa mbili.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa kijana wa Mwanza. Alitaka kupiga picha za papo kwa papo kwenye harusi na mahafali. Alikuwa na haraka, yuko tayari kutuma pesa jioni ileile, 180,000, hakuomba hata kupunguziwa. "Mkuu, nitumie namba," ananiambia. Nikamuuliza amepiga hesabu ya filamu? Hakuwa amepiga. Nikampigia: pakiti kama 75,000, picha nane, kila picha moja zaidi ya 9,000 kabla hajaweka faida wala zile zitakazoharibika kwa joto. Huko kwenye harusi mtu anapiga kwa simu bure. Nikamwambia kama nia ni biashara atafute Instax za Fujifilm, zilizoanza mwaka 1998, filamu yake inapatikana kirahisi zaidi na bei yake iko chini. Alinyamaza, akashukuru, akakata.

Mama alikuwa amekaa karibu, amesikia yote. "Umemfukuza mteja," akaniambia. "Laki moja na themanini umeifukuza kwa mdomo wako." Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nilimwambia kwamba kijana yule angetumia mtaji wake wote kwenye pakiti mbili, kisha angeitazama kamera ile kila siku akitukumbuka. Mama akaniuliza kama kijana ni ndugu yangu. Kwa siku tisa zilizofuata nilipita mbele ya baraza ile nikisalimia kwa mbali.

Siku ya kumi akapiga dada mmoja wa Dar es Salaam anayekusanya kamera za zamani. Huyu alijua anachokiulizia. Akataka nimrekodie mlio wa mota. Akataka kuona ndani ya mlango, vile vyuma. Akasema ameshanunua tatu ambazo wenyewe "hawakuzijaribu," mbili ni mapambo. Tukavutana, tukafikia bei ya 160,000 pamoja na zile picha sita, nauli ya mzigo juu yake. Nikaifunga kwa magazeti na kipande cha godoro, nikaipeleka stendi ya Bweri, nikaandikiwa risiti, nikamtumia picha ya risiti. Siku ya tatu akathibitisha imefika. Nilipotoa zile 75,000 zangu, mama alibakiwa na 85,000. Siyo ile laki na themanini. Ni zaidi ya mara nne ya alichotaja dalali kwa zote mbili.

Yule dada aliulizia na ile ya macho manne. Nilimweleza wazi kwamba filamu yake haipo, na kwamba ninayoiuza siyo kamera tena, ni kitu cha kuweka rafuni. Akasema anajua, atatoa 60,000. Nikampelekea mama habari, nikijua kwamba hii ndiyo saa ya kumwambia kile nilichokuwa nimekihifadhi: kwamba iliyosomesha watoto haina kazi tena duniani, na ya kuchezea ndiyo iliyouzika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaishika, akaibonyeza, macho manne yakafumbuka na kufumba. "Kama haina kazi," akasema, "basi ipumzike hapa." Hajaiuza.

Ndipo nikaziulizia zile bahasha.

Kabla sijawaambia kilichomo, niwape kisa cha studio nyingine. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, kulikuwa na studio inayoitwa Gulu Real Art Studio. Mpiga picha Martina Bacigalupo wa Italia alikuta humo picha nyingi za watu waliovaa vizuri, wamekaa kitini, uso umekatwa, pamebaki tundu la mraba. Sababu ni kwamba mashine ya paspoti ya pale ilitoa picha nne kwa mpigo, na mteja asiyehitaji nne aliona anapoteza fedha. Kwa hiyo mwenye studio alimpiga picha ya kawaida, akakata uso, akampa, mwili ukabaki. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 2013. Nyuso zilikwenda kwenye fomu za serikali na mashirika, miili ikabaki studio.

Marehemu wetu wa Iringo alikuwa na njia nyingine. Kamera yake iliweza kupiga mbilimbili, kwa hiyo wateja wawili wenye haraka aliwaweka kwenye karatasi moja, watu wasiojuana, nusu kwa nusu. Na alipokuja mteja peke yake, mwenye fedha ya picha mbili tu, alimpiga nne, akampa mbili alizolipia, akamwambia nyingine mbili zipo, siku ukipata fedha upitie. Hakuzitupa. Aliziweka kwenye bahasha za kaki, akaandika nyuma jina na kijiji kwa penseli.

Wengi hawakupita tena. Bahasha ziko sitini na moja. Nimezihesabu pamoja na mjukuu. Kuna vijana wamevaa mashati yaliyoazimwa studio, kola kubwa kuliko shingo. Kuna kina mama wenye vilemba. Kuna mwanafunzi mmoja ana jeraha bichi juu ya jicho. Vijiji vilivyoandikwa ni Kiabakari, Busegwe, Buhemba, Nyamuswa, Kisorya, na mitaa yetu hii ya mjini. Picha hizi hazina negativu. Ule upande mweusi ulitupwa siku ileile, na huenda mimi ndiye niliyeuokota. Kilichomo ndani ya bahasha ndicho pekee kilichopo.

Majina sitayasoma hewani. Ni ya wenyewe. Lakini kama wewe, au baba yako, au mama yako, alipigwa picha ya paspoti hapa Iringo kwenye studio ya pazia la maua na akachukua mbili tu, mama anasema njooni Jumamosi baada ya saa nane, barazani kwake. Hakuna malipo, anasema deni hilo amelifuta. Kwenye baadhi ya bahasha penseli imefutika, kwa hiyo ukiweza kuja na mtu mzima anayekumbuka ulivyokuwa siku hizo, njoo naye.